Jua Asubuhi, Mvua Saa Tisa: Vidokezo vya Mwezi wa Nne Kisangani

Jumatatu jua la kuchoma, nguo zimekauka kabla ya saa tano. Jumanne wingu limetanda tangu alfajiri, likatisha watu mchana kutwa, na tone halikuanguka. Jumatano upepo umeng'oa mabati, mvua ya nusu saa imeshuka kwa hasira, njia za Mangobo zimekuwa mito. Alhamisi ukungu umelala juu ya maji hadi saa tatu, mchana jasho tupu. Ijumaa manyunyu usiku kucha. Hiyo ni wiki ya kawaida kabisa ya mwezi wa nne Kisangani.

Mgeni aliyetoka Goma au Nairobi huamka akiuliza: leo itanyesha? Mwenyeji hana haja na swali hilo. Mji uko kilomita 57 hivi kaskazini ya ikweta, umezungukwa na msitu, na kwa mwaka hupata zaidi ya milimita 1,700 za mvua. London, inayosifika kwa mvua dunia nzima, haifiki nusu ya hapo. Basi itanyesha, kama si leo, kesho. La maana ni kujua saa ngapi na kutoka upande gani. Vidokezo hivi ni vya mgeni, lakini hata mzaliwa wa Makiso huenda akaokota kimoja viwili.

1. Shughuli zako zimalize kabla ya adhuhuri.
Mwishoni mwa Machi jua la saa sita hupita karibu wima juu ya utosi wetu, na mvua kubwa hufuata nyuma yake, Aprili na Mei. Kisha hurudi tena kuanzia Septemba hadi Novemba. Siku yenyewe huenda hivi: jua linapasha ardhi, msitu unatoa mvuke, hewa nzito yenye unyevu inapanda, na kufikia saa nane au tisa mchana mawingu yamejengeka mithili ya ghorofa. Msitu una mkono mkubwa katika jambo hili, kwa kuwa sehemu kubwa ya mvua ya bonde la Kongo ni maji ambayo miti yenyewe imeyarudisha angani. Kule Yangambi, kilomita 100 hivi tukifuata mto, mnara wa mita 55 uitwao CongoFlux ulianza kazi mwaka 2020 kupima jinsi msitu unavyobadilishana gesi na mvuke na anga.

Kwa hiyo benki, ofisi za komini, soko, kufua na kuanika: vyote asubuhi. Harusi ya uwanjani saa kumi jioni bila bashi la kufunika wageni ni kamari, na sijui kwa nini kamati za harusi hupenda kuicheza kila mwaka.

Onyo moja. Mvua inayozaliwa hapa hapa kwa joto la mchana ndiyo yenye saa zake. Ipo nyingine inayokuja kama ukuta kutoka mbali, msururu wa dhoruba uliokwisha kusafiri mbali, na hiyo hubisha hodi hata saa tisa ya usiku. Ukilala, usiache kitu uani.

2. Tazama upande wa Wagenia kabla ya kutazama simu.
Katika Afrika ya kati dhoruba kubwa husafiri kutoka mashariki kwenda magharibi. Wingu jeusi likisimama mashariki, upande wa Bangoka na maporomoko ya Wagenia, lihesabu kuwa lako. Likiwa upande wa Simisimi, kwenye njia ya kwenda Yangambi, mara nyingi limeshapita.

Simu itakuonyesha picha ile ile ya wingu lenye umeme siku saba mfululizo. Haisemi uongo, ila haisaidii. Wingu la mvua huku laweza kuwa na upana wa kilomita chache tu: Kabondo wanaogelea, komini ya Tshopo vumbi bado linaruka. Tena vituo vya kupima hali ya hewa katika bonde zima la Kongo ni vichache mno, hivyo hesabu za kompyuta hubaki kukisia. Tangazo la METTELSAT, shirika la taifa la hali ya hewa, lisikilize kwa picha ya jumla ya juma. Kwa saa mbili zijazo, watazame mama wanaouza barabarani. Kwanza upepo unakufa kabisa na joto linakaba. Halafu inapita pumzi moja ya hewa baridi, mifuko ya plastiki inaruka, na papo hapo mama wa sombe anavuta pembe nne za turubai lake na kufunga fundo bila kuinua kichwa. Fundo hilo likishakazwa, una dakika chache tu za kufika unakokwenda.

3. Hesabu kati ya umeme na ngurumo.
Sauti huchukua kama sekunde tatu kwenda kilomita moja. Umeme ukimulika, anza kuhesabu. Ngurumo ikifika kabla ya thelathini, radi iko ndani ya kilomita kumi na muda wa kuwa nje umekwisha. Ingia nyumbani, chomoa televisheni, kaa mbali na nyaya, na usitoke hadi nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Mwembe si kimbilio. Goli la uwanja wa mpira wala mtumbwi, hali kadhalika.

Mtaani bado wapo wanaoamini kwamba radi hutumwa na jirani mwenye kinyongo. Heshima kwa wazee, lakini vipimo vya satelaiti vinaonyesha kuwa mashariki ya Kongo ni miongoni mwa mahali panapopigwa umeme zaidi duniani. Radi nyingi kiasi hicho hazihitaji mtumaji, na mashtaka ya namna hiyo yameshawaumiza wazee wengi wasio na kosa.

4. Kuvuka mto kwenda Lubunga, vuka mapema na urudi mapema.
Dhoruba ikiushukia mto, upepo hupambana na mkondo na mawimbi mafupi makali huinuka ghafla. Mtumbwi wenye abiria wengi na magunia ya makala hauna nafasi ya kucheza. Wapiga kasia wanaujua mto kuliko sisi: mwenye uzoefu hasomi mbingu, husoma maji. Huangalia doa jeusi la mikunjo linalokimbia juu ya uso wa mto likija upande wake, akiliona huweka kasia chini na kusema, "Papa, tungoje kwanza." Ngoja. Usimpe mia ya ziada akubadilie mawazo. Na jile la kuokolea ni la kuvaliwa, kamba zimefungwa. Kulikalia ili suruali isilowe ni kujidanganya.

5. Juu ya toleka, baiskeli ya kubeba abiria, usifungue mwamvuli.
Upepo ukiukamata, baiskeli, dereva, abiria na mwamvuli wote wanaishia kwenye kanivo. Rimu ikilowa breki hazishiki, na potopoto ya njia za ndani haina huruma. Kwenye mteremko shuka utembee, na umlipe nauli kamili. Kijana anayesukuma baiskeli kwenye matope anafanya kazi zaidi ya yule anayeiendesha.

6. Mwamvuli ni wa jua. Kwa mvua, beba mfuko wa plastiki.
Mvua ya hapa huja kwa ubavu. Simu, kadi ya mpiga kura na hela vifungie kwenye sashe, miguuni vaa ndala, viatu vya ofisini vibebe mkononi. Beba na shati la mikono mirefu: mchana nyuzi 30 au 31, dhoruba ikipita joto huporomoka, na usiku hufika 20 au 21. Kwa mtu wa Bukavu hiyo ni raha, ila mtoto wa Kisangani atatafuta sweta.

7. Weka pipa chini ya bati.
Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote, maana mvua inaleta bure kitu ambacho watu wanakibeba kichwani kwa madumu. Hesabu ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba yenye bati la mita za mraba 40, ikipata mvua moja nzuri ya milimita 20, imepokea lita 800. Hayo ni mapipa manne ya lita 200, kwa alasiri moja! Hata ukipoteza robo kwa mifereji mibovu, bado umebaki na matatu.

Ila fuata utaratibu. Maji ya dakika za kwanza yaache yaende zake, kwani yameosha vumbi, majani na kinyesi cha ndege kilichokuwa juu ya bati. Baada ya hapo kinga. Ya kufua na kuosha vyombo hayana shida. Ya kunywa chemsha au tia dawa ya klorini, kwa sababu kipindupindu hupenda msimu huu huu. Halafu funika pipa kwa chandarua kikuukuu kilichofungwa kwa kamba. Kwa joto letu, yai la mbu laweza kuwa mbu anayeruka katika muda wa wiki moja au mbili. Ukiacha pipa wazi, jirani naye atalipia kwa malaria. Matairi, makopo na vifuu vya nazi uani vipindue kila Jumamosi.

8. Makala yalale ndani, jiko libaki nje.
Makala yakilowa utapuliza hadi machozi na lituma haitaiva. Yaweke juu ya ubao, mbali na ukuta unaovuja. Lakini mvua ikikukimbiza, usiliingize jiko linalowaka kwenye chumba kilichofungwa madirisha, na kamwe usilale nalo. Moshi ukishakwisha hewa bado ina sumu isiyo na harufu, na imeshaua familia nzima zikiwa usingizini. Jenga kibanda kidogo cha bati uani, hata cha nguzo nne tu.

9. Usichanganye mto na kijito.
Baada ya mvua kubwa utawaona watu wakikimbilia ukingoni kutazama kama Kongo imepanda. Haijapanda, si kwa mvua hiyo. Maji yanayopita Wagenia yameanza safari mbali sana kusini, Katanga, kwa jina la Lualaba, na huchukua wiki nyingi kufika. Mto mkubwa hupanda taratibu, na ukipanda hukaa. Januari 2024 ulifikia mita 6.20 kwenye kipimo cha Kinshasa, karibu na rekodi ya 6.26 ya mwaka 1961, na maelfu ya nyumba katika mikoa kadhaa ziliingia majini. Anayeishi ukingoni na afuate matangazo ya RVF, wenye kazi ya kupima njia za maji.

Kijito cha nyuma ya parseli yako ni habari nyingine. Hicho hujaa kwa dakika, na hujaa mapema zaidi pale kanivo imezibwa na chupa na sashe tulizozitupa wenyewe. Kusafisha mfereji mwezi wa tatu ni kazi ya asubuhi moja kwa mtaa mzima. Kutoa matope sebuleni ni kazi ya juma.

10. Ukikuta kizuizi cha mvua barabarani, zima injini.
Kwenye barabara za udongo, kizuizi hushushwa baada ya mvua ili malori yangoje njia ikauke. Dereva atabembeleza, atatoa kitu kidogo, atapita, na lori moja likishachimba mfereji, njia hiyo ya Buta au Bafwasende imeharibika kwa wote wanaofuata. Beba kwanga, maji na subira ya saa kadhaa.

11. Miadi ya alasiri ifunge kwa neno "mvua ikikatika".
Kisangani mvua ni sababu inayokubalika kazini, shuleni na hata kwa mkwe. Mwenyeji wako akiona wingu ameshajua utachelewa, na chakula atakifunika. Lakini heshima hiyo ina mwisho wake. Matone yakishaacha kulia juu ya bati, hakuna atakayekuelewa ukiendelea kulala: vaa ndala, toka, watu wanakungoja.