Bwana Amekubali Kwenda Mkutanoni

Mama, umengoja neno hili kwa miaka. Asubuhi moja, baada ya usiku wa aibu, bwana ameketi ukingoni mwa kitanda na kusema, "Nisaidie, peke yangu siwezi tena." Umshukuru Mungu, lakini usikimbilie kuwaambia dada zake wala jumuiya yote. Neno hilo bado ni changa.

Kwanza tazama mwili wake. Ikiwa hunywa sana kila siku, na asubuhi mikono hutetemeka mpaka apate kidogo, asiache ghafula akiwa nyumbani. Katika siku mbili tatu za kwanza mtu wa namna hiyo anaweza kushikwa na kifafa, au kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwapo. Wengine hufa. Mpeleke kwa daktari, naye aseme kweli ni kiasi gani anakunywa. Mkutano utafuata.

Mikutano tunayoisema ni ya Alcoholics Anonymous, kwa kifupi AA. Ushirika huu ulianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani. Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa kutoka New York, alikuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu. Biashara iliyompeleka Akron ikamharibikia, akabaki hotelini, na baa ilikuwa hatua chache tu kutoka pale aliposimama. Badala ya kuingia alikwenda kwenye simu, akaanza kuwapigia watu wa makanisa akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Hatimaye akakutanishwa na daktari mpasuaji, Bob Smith. Angalia jambo hili: hakutafuta mtu wa kumhubiria, alitafuta mgonjwa mwenzake. Wewe mama umesema na umelia, na mengi uliyoyasema ni ya kweli, lakini hukuyasema kama mtu aliyewahi kuficha chupa ndani ya gambuti. Kule atawapata watu wa namna hiyo.

Kuupata mkutano si vigumu sana mjini. Uliza hospitalini, au kwa mshauri wa parokia, au piga simu 1192 ya NACADA, ambayo haitozwi pesa. Mara nyingi wenye mikutano hukodi ukumbi wa kanisa. Vijijini ni shida zaidi, huenda mkapanda matatu hadi mji mwingine. Basi na iwe hivyo, maana wengi huona haya kukutana na jirani mlangoni. Ipo pia mikutano ya intaneti. Ulizeni kwanza saa, tena kama mkutano ni wa wazi, ambapo hata wewe waweza kuketi, au wa kufungwa, wa wale tu wanaotaka kuacha pombe.

Ndani kuna viti na pengine chai. Hukaa kama saa moja, au moja na nusu. Mtu hutaja jina lake la kwanza tu, na akitaka kunyamaza hanung'unikiwi. Hakuna ada. Kikapu hupitishwa kwa ajili ya kodi ya ukumbi, na mgeni akikiacha kipite si vibaya. Yaliyosemwa humo hayatoki nje. Kwa hiyo akirudi, usimuulize, "Ulimwona nani?"

Wengine huuliza kama hii ni dini nyingine. Sivyo. Wanamtaja Mungu bila kumfundisha mtu dhehebu. Sista Ignatia, mtawa wetu, alianza mwaka 1939 kuwapokea walevi pamoja na Dakta Bob katika hospitali ya St. Thomas pale Akron. Katika hatua zao 12, ya tano ni kukiri makosa mbele ya Mungu na mtu mwingine. Mkatoliki aweza kumchagua padre, ingawa Kitubio kinabaki Kitubio.

Sasa jambo ambalo wengi hawalitegemei. Baada ya wiki chache utakasirika. Zamani baa ilimchukua jioni, leo mkutano unamchukua, na wageni wanaambiwa maneno ambayo wewe hukuambiwa kamwe! Hasira hiyo si dhambi ya ajabu, wake wengi wameipitia. Lois, mkewe Bill, aliipitia pia, na mwaka 1951 yeye na mwenzake Anne walianzisha Al-Anon kwa ajili ya jamaa za walevi. Litafute kundi lako. Humo mke hujifunza kutompigia tena mkubwa wa kazi kusema, "Ana malaria." Lakini kama anakupiga, usingoje mikutano imbadilishe. Ondoka wewe na watoto mpaka mahali pa salama.

Nawe baba ambaye bibi yako ndiye anayekunywa kisirisiri, yote haya ni yako pia. Aibu ya mwanamke ni kubwa zaidi kwetu, kwa hiyo uliza kama kuna mkutano wa wanawake, na jioni hiyo uwapikie watoto wewe mwenyewe.

Akianguka baada ya mwezi, arudi mkutanoni kesho yake, hata kama anaona haya. Na ile siku ya kwanza kabisa, msindikize mpaka langoni, kisha uende ukanywe chai mahali. Akitoka, usiulize kitu. Tembeeni pamoja mpaka steji.