Redio ya mkononi mtumbwini

Swali: Navua kwa mtumbwi kati ya Nyamisati na Mafia. Je, redio ya VHF itanipa taarifa za upepo?
Mvuvi, Kibiti

Jibu: Itakusaidia, ila usiitegemee peke yake. Mawimbi ya VHF hayapiti mbali sana na upeo wa macho. Ukiwa umekaa chini mtumbwini, tena ndani ya mikoko, hufifia upesi. Iache kwenye chaneli 16, ya wito na dharura. Utabiri wenyewe, wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), usikilize kabla hujang'oa nanga, kwa redio ya kawaida au simu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, tahadhari ilitolewa mapema. Betri ijae, redio ikae kwenye mfuko usioingiza maji. TMA ikitaja upepo mkali, baki Nyamisati.