Dondoo muhimu: Kuanza kuandika programu kwa simu, Fizi na Baraka (Kongo)

Usisubiri kompyuta. Simu ya Android inatosha kuanzia, na lugha ya kuandikia programu inayomfaa mwanafunzi mpya ni Python, aliyoitoa Guido van Rossum mwaka 1991. Siku simu ina chaji na mtandao umetulia, pakua Pydroid 3, programu ya kuandikia Python kwenye simu. Kuanzia hapo unaandika na kuendesha programu zako bila mtandao, bila kula mega hata moja ya intaneti.

Anza na hesabu unayoijua. Mama anayeuza ndagala sokoni Baraka anataka kujua mapato yake kwa faranga. Andika:

bei = 5000
vipimo = 3
print(bei * vipimo)

Simu itajibu 15000. Sasa ondoa gharama ya mtumbwi. Kisha ongeza wateja waliokopa, kila mmoja na deni lake. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo: kuvunja swali kubwa kuwa hatua ndogo ambazo mashine inaweza kuzifuata. Wiki moja ya kuhangaika na programu hii itakufundisha zaidi kuliko video nyingi za kutazama tu.

Programu ikikataa, soma ujumbe wa kosa: Python hutaja namba ya mstari, na sababu huwa mwishoni kabisa.

Uliyesoma kwa Kifaransa, tovuti ya OpenClassrooms ina masomo ya programu kwa lugha hiyo. Mwenye mega ayafungue, awaonyeshe wenzake.

Na nakili kila programu kwenye daftari. Simu huibiwa, huanguka ziwani.