Nauli, Vivuko na Alama za X: Sauti ya Mwananchi katika Usafiri wa Dar es Salaam

Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Wengi wao huenda kazini, shuleni na sokoni kwa miguu, kwa daladala, kwa bodaboda au kwa mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, na wachache kwa gari lao wenyewe. Maswali yafuatayo ndiyo yanayoulizwa mara nyingi kwenye mikutano ya mitaa pale mradi wa barabara au mabasi unapotajwa. Nayajibu kama mpangaji miji, na sitaficha upande nilioegemea.

Watu wakisema "haki katika usafiri" wanamaanisha nini? Barabara si hupita kila mtu?

Hupita kila mtu, ila haimgharimu kila mtu sawa. Chukua mhudumu wa duka Kariakoo aliyekuwa akiishi Mbezi mwaka 2016, mwendokasi ulipoanza. Kima cha chini cha mshahara katika sekta ya biashara na viwanda kilikuwa shilingi 115,000 kwa mwezi. Basi la njia mlishi, linaloleta abiria kwenye njia kuu, pamoja na la njia kuu lilikuwa shilingi 800 kwa safari moja. Kwenda na kurudi kwa siku 26 za kazi ni shilingi 41,600. Zaidi ya theluthi moja ya mshahara inaishia kwenye tiketi kabla hajanunua unga wala kulipa kodi ya chumba.

Ongeza hapo saa anazosimama kituoni alfajiri, na hatari ya kuvuka barabara yenye njia sita gizani. Fedha, muda na usalama wa mwili: hivyo ndivyo navyopima mimi. Mpango unaouliza tu magari mangapi yatapita kwa saa moja haujamuuliza mtu huyu lolote.

Je, nauli ya mwendokasi ilijadiliwa na wananchi?

Ilijadiliwa, na ninautaja mfano huu kila ninapoambiwa kwamba maoni ya watu hayabadilishi kitu. Mwanzoni mwa 2016 mtoa huduma alipendekeza shilingi 700 kwa njia mlishi, 1,200 kwa njia kuu, na 1,400 kwa anayetumia zote mbili. Mjadala ukawa mkali, kwenye kikao cha wadau na nje yake, na Serikali nayo ikaingilia. Mabasi yalipoanza kazi mwezi Mei, nauli zilizoidhinishwa na SUMATRA, mamlaka iliyodhibiti usafiri wakati huo, zilikuwa 400, 650 na 800, na mwanafunzi 200. Kwa yule mhudumu wa Kariakoo, tofauti kati ya 1,400 na 800 ni shilingi 31,200 kila mwezi. Fedha hiyo iliokolewa na watu waliokataa kunyamaza.

Tangu 2019 kazi ya SUMATRA kwa usafiri wa nchi kavu iko LATRA, na lipo baraza la kuwatetea watumiaji, LATRA CCC. Kabla ya nauli kubadilishwa, maoni hukusanywa. Kasoro ninayoiona ni kwamba wamiliki wa mabasi huja na hesabu: bei ya dizeli, matairi, vipuri, riba ya mkopo. Abiria huja na uchungu wao peke yake. Uchungu huo ni wa kweli, lakini mezani hesabu hushindwa kwa hesabu. Nendeni na daftari: safari ngapi kwa siku, shilingi ngapi kwa wiki, mara ngapi daladala imekatisha njia mkalazimika kulipa tena. Karatasi moja iliyojazwa na abiria wengi wa kituo kimoja ina uzito zaidi kuliko hotuba.

Nauli ya mwanafunzi imepangwa. Kwa nini bado anaachwa kituoni?

Kwa sababu kanuni imemtazama mtoto na kumsahau konda. Madereva na makonda wengi wa daladala hawana mshahara wa kueleweka. Jioni wanatakiwa kumpelekea mwenye gari hesabu, kiasi kilichokwisha kupangwa, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho chakula chao. Mwanafunzi anakalia au anasimama penye nafasi ileile kwa nauli ndogo. Kila mtoto anayepanda anawapunguzia. Kumkamata konda na kumtoza faini kutasaidia kwa asubuhi moja.

Nasema hili kwa mkazo kwa sababu tunapozungumzia ushirikishwaji, mara nyingi tunawaita wamiliki na kudhani tumemaliza. Mwendokasi wa awamu ya kwanza ulipokuwa unaandaliwa, vyama vya wamiliki wa daladala vilikuwa na mahali pa kuongelea. Anayeshika usukani na anayening'inia mlangoni ni watu wengine, wana maslahi yao, na wanajua mambo ambayo mwenye gari hayajui: abiria wanajaa wapi saa kumi na moja alfajiri, wapi njia haina faida baada ya saa tatu usiku. Mpango unaomlipa mwendeshaji kwa kilomita alizoendesha, badala ya vichwa alivyopakia, ungeondoa sababu ya kumkimbia mtoto. Hilo ni jambo la mkataba, na mikataba hupangwa mezani. Madereva na makonda waitwe kwenye meza hiyo.

Kuna mfano ambapo ujuzi wa wakazi ungeokoa mradi?

Upo, na kila mkazi wa jiji hili anaufahamu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu kwenye bonde la Msimbazi, na Serikali ikawahamishia wengi Mabwepande kwa sababu bonde si salama kuishi. Baada ya hapo, katika bonde hilohilo, pale Jangwani, ikajengwa karakana ya mabasi ya mwendokasi. Mvua kubwa zilipokuja, maji yaliingia, tena zaidi ya mara moja. Mabasi yakaharibika, Barabara ya Morogoro ikafungwa pale Jangwani, na abiria wa Kimara wakabaki kwenye foleni isiyosogea. Bibi aliyeishi Jangwani anaweza kukuonyesha ukutani maji yalifika wapi mwaka gani. Ujuzi huo ni data, hata kama haukuandikwa kwenye ripoti.

Baadaye mambo yalianza kufanyika kwa namna nyingine. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwaweka wanafunzi wa vyuo na wakazi pamoja wakachora mifereji, nyumba na maeneo yanayofurika, kata baada ya kata. Mwaka 2018, kwa ajili ya bonde la Msimbazi, ukafanyika mchakato wa miezi kadhaa ambapo wakazi, wahandisi na taasisi za Serikali walikaa meza moja na kubishana juu ya ramani: maji yapite wapi, daraja liinuliwe vipi, nani ahamishwe na kwa masharti gani. Mchakato wa namna hiyo huchosha na hula fedha. Lakini karakana iliyojaa maji nayo ina gharama zake, na gharama hizo hulipwa na abiria.

Watembea kwa miguu wanaingia wapi katika mipango hii?

Wanaingia mwisho, na hapa hasira yangu siifichi. Barabara hupanuliwa, magari yanaongeza mwendo, kisha baadaye ndipo kivuko hukumbukwa, wakati mwingine baada ya mtoto kugongwa.

Dar es Salaam yenyewe imeonyesha njia bora. Shirika la Amend lilibuni mpango uitwao SARSAI: wanakwenda kwenye shule ambazo watoto wake hugongwa zaidi, wanapima barabara, wanazungumza na walimu, wazazi na watoto wenyewe kujua wanapita wapi hasa, kisha wanaweka matuta, njia za miguu, vivuko na alama, na kuwafundisha watoto kuvitumia. Hakuna teknolojia ya ajabu hapo. Utafiti wa athari zake uliona majeraha ya barabarani kwa watoto yakipungua kwa asilimia 26 hivi, na mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI. Tuta la zege limelinda watoto zaidi kuliko mabango mengi ya kampeni.

Kwa mwenye ulemavu hali ni ngumu zaidi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya kufika na kutumia huduma za umma. Vituo vya mwendokasi vina jukwaa lililo sawa na sakafu ya basi, jambo jema sana. Lakini kiti cha magurudumu lazima kwanza kifike kituoni, kikipita kwenye mchanga, mtaro ulio wazi na meza za biashara. Anayepanga kituo apange na mita mia tano zinazokizunguka.

Nyumba yangu imewekewa X ya kubomolewa. Nina haki gani?

Kwanza jua X hiyo imewekwa kwa kipimo gani. Kwa barabara kuu, hifadhi ya barabara ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati. Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake zikaipanua hadi mita 30. Aliyekuwa na haki halali ya ardhi ndani ya zile mita 7.5 zilizoongezwa anastahili fidia barabara ikitaka kulitumia eneo lake. Aliyejenga ndani ya hifadhi ya awali huambiwa hana madai, na ziko barabara zenye vipimo vyao maalumu, hivyo usikubali wala usikatae kwa kusikia. Omba kipimo kwa maandishi. Kuwa na mwenyekiti wa mtaa siku mthamini anapokuja, hesabu naye miti, choo, kisima na uzio, na ubaki na nakala ya fomu uliyosaini.

Ninalolipigania zaidi ni mpangaji wa nyumba. Fidia humfuata mwenye jengo, na mama aliyepanga chumba na kibanda cha chipsi mbele hupoteza makazi na kazi siku moja. Mpango wa haki unamhesabu naye.

Mbona mikutano ipo lakini watu hawaji?

Angalia saa. Mkutano unaitishwa Jumanne saa nne asubuhi, wakati mama lishe yuko jikoni, mchuuzi yuko soko la samaki la Feri na fundi yuko saiti. Wanaofika ni wastaafu na wenye nafasi, wengi wanaume. Halafu taarifa inasomwa kwa lugha ya wahandisi. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za 2005 zinataka muhtasari usio wa kitaalamu, kwa Kiswahili na Kiingereza. Uombeni kabla ya kikao.

Wanawake wanasafiri tofauti. Safari ya mwanaume mara nyingi ni nyumbani hadi kazini na kurudi. Mwanamke anapita kliniki, sokoni, shuleni, na ana mzigo na mtoto mgongoni. Kila kituo anachoshuka ni nauli nyingine. Nauli ya kuunganisha safari ndani ya muda fulani kwa malipo mamoja ingemsaidia kuliko kituo chenye vioo. Jambo hilo halitajulikana asipoulizwa, na hataulizwa asubuhi ya Jumanne. Mfuateni gengeni, sokoni, kwenye kikoba.

Wenzetu wa Nairobi wanafanyaje?

Katiba ya Kenya ya 2010 imeuweka ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa tunu za taifa katika ibara ya 10. Hata hivyo, Desemba 2018 matatu zilipigwa marufuku kuingia katikati ya jiji, na wazee, wagonjwa na wenye mizigo wakatembea mwendo mrefu. Amri hiyo haikumaliza wiki. Katiba nzuri haitoshi ikiwa amri inatoka kabla ya swali. Na kwetu pia ibara ya 21 ya Katiba inampa raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika uamuzi wa mambo yanayomhusu. Barabara inayopita mlangoni kwake inamhusu.

Nipeleke wapi malalamiko?

Ujue kwanza barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za mitaa, tangu 2017, ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na ndiyo maana diwani hujibu kwamba mfereji wenu hauko mikononi mwake. Bado ana wajibu wa kusema kwa niaba yenu, mbaneni. Njia na vituo vya mwendokasi ni vya DART, wakala wa mabasi yaendayo haraka. Nauli na leseni ni za LATRA. Kila barua ipitie serikali ya mtaa, igongwe muhuri, na nakala ibaki kwako.

Michoro imeshakamilika. Kuna faida gani kusema sasa?

Ipo, ingawa ni ndogo kuliko ya kusema mapema. Daraja la Nyerere, Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016, na likawekewa tozo. Wakazi walilalamika, wakalalamika tena, na mwaka 2022 tozo zikapunguzwa. Sauti ilifika, lakini miaka sita ni mingi kwa mwenye bajaji anayevuka kila siku.

Kwa Mbagala, Gongo la Mboto na Tegeta, njia kuu za mwendokasi hazitahama tena. Lakini njia mlishi zitaanzia mtaa gani, kivuko kitakuwa wapi, bajaji zitaegesha wapi, muuza matunda ataondolewa au atapewa sehemu, hayo yote yanaweza kurekebishwa. Mkutano ujao wa mtaa wenu ukitangazwa, nenda, na umchukue jirani asiyezoea kusema mbele za watu. Ombeni mchoro mwoneshwe, maswali yenu yaandikwe kwenye muhtasari, na katika kikao kinachofuata muulize ni kipi kilichobadilika kwa sababu yenu.