SOMO LA IJUMAA: GARI LA KUKODI NI AMANA, LIRUDISHWE KAMA AMANA

Bismillahir-Rahmanir-Rahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wengi wetu hatuna gari. Tukiwa na arusi, maziko au safari ya Maulidi, tunakodi la mwenzetu. Kukodi ni halali. Katika fiqhi kunaitwa ijara. Lakini gari unalolipia siku mbili halikuwa lako kwa siku hizo mbili. Ulinunua faida yake tu, yaani kupanda na kubeba. Chuma, pine na motere vinabaki mali ya mwenyewe. Na Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, turudishe amana kwa wenyewe.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilikodi jipu ya jirani, mzee Mkristo, kupeleka wanafunzi wa madrasa Kalima kwa Maulidi. Tuliafikiana: Kindu mpaka Kalima, na kurudi. Tulipofika huko nikamwambia shofere tusogee mbele kidogo, nisalimie wakwe zangu. Katika shimo moja la matope jani la resori ya nyuma likavunjika. Tukalifunga kwa mpira wa ndani wa pine, tukarudi polepole. Tuliingia mjini usiku. Nikaosha jipu mpaka ikang'aa, nikampa mtoto wa mzee ufunguo, nikaenda kulala.

Ijumaa ile nilipanda mimbari nikasema juu ya amana. Wallahi, ulimi ulikuwa mzito. Jumamosi asubuhi nikaenda kwa mzee, nikamweleza yote. Akaniambia: "Sheikh, nilikwisha ona. Nilikuwa nangoja kujua kama utakuja." Nikalipa resori kwa mara mbili. Kama nisingeenda, mzee yule angesema nini juu ya dini yetu?

SHERIA INASEMA NINI?

Mashekhe wa fiqhi wanasema mwenye kukodi ni amini, mtu aliyeaminiwa. Kwa hiyo mambo ni matatu:

1. Uchakavu wa kawaida haulipwi. Pine zikipungua kwa safari mliyoafikiana, hiyo ndiyo faida uliyolipia.

2. Hasara iliyokuja bila kosa lako hailipwi. Jiwe likiruka na kupasua kioo, nawe unaendesha kwa adabu, mwenye gari hakudai. Ukimsaidia, ni ihsani.

3. Ukivuka mpaka au ukizembea, unalipa. Wanazuoni walitoa mfano wa mnyama: aliyemkodi kwenda mahali fulani akapita mbele zaidi, au akambebesha kuliko mapatano, anadhamini akiharibika, na analipa pia ujira wa ile ziada. Ndiyo hali yangu ya Kalima. Ndiyo pia hali ya anayekodi gari la watu watano akapakia tisa na magunia juu.

Tazameni Jabir bin Abdillahi (r.a.). Alimuuzia Mtume (S.A.W.) ngamia wake safarini, akaweka sharti ampande mpaka Madina. Alipofika Madina, mpaka wa sharti, alimpeleka ngamia kwa mwenyewe. Mtume akamlipa thamani, kisha akamrudishia na ngamia. Mmoja alishika sharti, mwingine akazidisha wema.

KABLA YA KUONDOKA

Zungukeni gari pamoja na mwenyewe, mchana. Andikeni kila mkwaruzo, kiasi cha mazutu au esansi, kriki, pine ya akiba na karatasi za gari. Andikeni mwisho wa safari na saa ya kurudi. Suratul-Baqara, aya ya 282, imetufundisha kuandika madeni, na kuandika namna hii kunazuia ugomvi vilevile. Semeni pia nani anatengeneza nini. Matengenezo makubwa ya motere ni ya mwenye gari. Mafuta ya safari, kwa desturi yetu, ni ya aliyekodi.

NJIANI

Kila asubuhi, gari likiwa baridi na mahali pa sawa, pima mafuta ya motere na maji ya radiyeta. Usifungue kifuniko cha radiyeta ikiwa moto. Maji yatakurukia na kukuchoma. Tazama pine. Ukisikia mlio mgeni au taa nyekundu ya mafuta ikiwaka, simama, zima motere, mpigie mwenyewe simu. Mwenye kusema "tufike kwanza" anaweza kuua motere nzima kwa ajili ya lita moja ya mafuta.

SIKU YA KURUDISHA

Osha gari ndani, nje na chini, maana matope yanaficha ufa. Lakini usioshe ili kuficha! Toa vitu vyako. Rudisha mafuta kwa kiasi ulichokikuta. Hesabu kriki, funguo na karatasi. Peleka mchana, kwa saa mliyoafikiana, mkononi mwa mwenyewe. Na lililo kubwa kuliko yote: taja ubaya kabla hujaulizwa. Kuvunja kitu kunaweza kuwa ajali. Kuficha ni khiyana.

Na wewe mwenye gari, mche Mungu. Usimdai mtu mkwaruzo wa mwaka jana. Usimtake anunue pine mpya badala ya iliyokuwa imekwisha. Chukua kadiri ya hasara, usizidishe.

Ndugu zangu, gari lile ni karo ya watoto wa mtu. Kama kuna mmoja wetu aliyerudisha kitu cha mwenzake usiku na kunyamaza, mwenyewe yungali hai na mlango wake unajulikana. Akitoka msikitini leo, apite kwake kwanza. Deni la binadamu halifutwi kwa sala peke yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe watu wa kuaminika, kwa Waislamu na kwa jirani zetu wote. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.