Somo: Mhandisi na Msanifu Ofisi Moja

Ndugu wafanyakazi, ni sisi tunaoamriwa kubomoa nguzo tuliyoisimamisha jana, kwa sababu msanifu alichora bila kumwuliza mhandisi aliye ofisi nyingine.

Huko Chicago, Marekani, kampuni ya wasanifu ya Skidmore, Owings & Merrill iliwaajiri wote wawili. Mhandisi Fazlur Khan, mzaliwa wa Dhaka, alifanya kazi bega kwa bega na msanifu Bruce Graham. Jengo lao la John Hancock, ghorofa 100, la miaka ya 1960, limefungwa nje kwa mihimili ya chuma iliyopishana kama herufi X. Mihimili hiyo ndiyo inayozuia upepo, hivyo chuma kidogo kikatosha.

Lakini tahadhari: mwajiri wao ni mmoja. Mhandisi akisema "hapana", je, anasikilizwa? Tuulize hivyo kabla kiwanda chetu hakijapanuliwa.