Mtoto Asiyeweza Kungoja

Wazazi wengi hunung'unika kwamba watoto wao hawana saburi. Mtoto akipewa fedha kidogo asubuhi, adhuhuri hana kitu. Akionyeshwa andazi, hawezi kuwangoja wenzake. Basi husema: "Huyu ndivyo alivyozaliwa." Hukumu hiyo ni ya haraka mno.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Walter Mischel, mtaalamu wa elimu ya nafsi katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwapima watoto wa umri wa miaka minne hivi. Mtoto aliwekewa mezani kitu kitamu, akaambiwa: waweza kukila sasa, lakini ukingoja mpaka nirudi, utapata viwili. Walioweza kungoja hawakukikodolea macho. Walijifunika uso, waliimba, walichezea vidole vyao. Miaka ilipopita, ilionekana kwamba waliongoja zaidi walifanya vema zaidi katika mitihani, na watu wengi wakanena kwamba nia ya utotoni ndiyo mlango wa mafanikio. Lakini wachunguzi waliotoa matokeo yao mwaka 2018, kwa watoto zaidi ya 900, walipoihesabu pia hali ya nyumbani, sehemu kubwa ya tofauti ile ilitoweka.

Lililo zito zaidi lilitangazwa mwaka 2013 na Celeste Kidd na wenzake wa Rochester, New York. Watoto 28 walipewa kalamu chakavu za rangi, wakaahidiwa nzuri zaidi wakingoja. Nusu yao waliletewa, nusu waliambiwa, "Pole, kumbe hatunazo." Jambo hilo likarudiwa kwa vipicha vya kubandika. Ndipo wakawekewa peremende. Waliotimiziwa ahadi walingoja dakika 12 kwa wastani. Wale wengine dakika 3 tu. Katika 14 wa kundi la kwanza, 9 walimaliza dakika zote 15. Katika kundi la pili, mmoja peke yake.

Baba humwambia mwanawe, "Mavuno yakiisha nitakununulia viatu." Mavuno yaisha, fedha zaenda kwingine (nami sisemi wapi), wala mtoto haambiwi neno. Twadhani amesahau, kumbe amekwisha kupiga hesabu yake, kwamba kilichomo mkononi ndicho chake. Si ulafi huo, ni akili. Wala "pole" peke yake haitoshi, maana watoto wale wa Rochester waliambiwa pole mara mbili. Afadhali kuahidi daftari moja, na kulileta Jumamosi ile ile iliyotajwa.